UZI: Stika za vainili kwenye kava ya simu. Kwa nini zinabanduka huku Lamu, na namna ya kuzikata zikae

#1 Fundi_Langoni

Assalaam aleikum wanajamvi. Swali la "ninunue mashine gani" limeshajibiwa humu mpaka basi, kwa hivyo uzi huu haulihusu. Kava ya simu ni kazi ndogo: upana wa sentimita 7 hivi, urefu 14 au 15. Plota yoyote ya nyumbani (mashine ya kukata vainili, ile plastiki nyembamba yenye gundi mgongoni) inaimudu, iwe Cricut Joy, Explore au Maker, iwe Silhouette Portrait au Cameo. Kinachoharibu kazi huku kwetu ni kava yenyewe, mafuta ya vidole, na joto. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichomo ndani ya mashine.

Anza na kava. Igonge mgongoni kwa ukucha. Ikilia "ko ko" na haipindiki, hiyo ni plastiki ngumu, polikaboneti, na ndiyo bora kupita zote. Ikiwa inapinda, inang'aa na unaona ng'ambo, hiyo ni TPU, zile laini za kuonyesha. Stika inakaa, lakini mgongoni tu. Pembeni panapindwa kila kava inapovuliwa, na gundi haivumilii kupindwapindwa. Ikiwa haing'ai, inavutika, na ukiitoa mfukoni inatoka na nyuzi na vumbi, hiyo ni silikoni. Iache. Ile karatasi ya nyuma ya stika, unayoibandua na kuitupa, hupakwa silikoni makusudi ili gundi isiishike. Kubandika stika juu ya kava ya silikoni ni sawa na kuirudisha kwenye karatasi yake.

Vainili: tumia ya kudumu, ya kazi za nje. Oracal 651 ndiyo inayojulikana zaidi. Oracal 631 ni nzuri kwa ukutani kwa sababu imetengenezwa ibanduke bila kuacha alama. Kwa kitu kinachoshikwa kutwa nzima na mikono yenye jasho, kubanduka bila kuacha alama ndiyo kasoro yenyewe.

Vipimo: usiamini vipimo vya simu vya mtandaoni, hivyo ni vya simu, si vya kava. Weka kava kifudifudi kwenye karatasi, izungushie penseli, chora na tundu la kamera. Halafu ingia ndani milimita 4 kila upande, maana ukingo wa kava huanza kujikunja kabla ya pale unapoishia. Kuzunguka kamera acha milimita 2 hadi 3. Chapisha mchoro kwenye karatasi ya kawaida, ukate kwa mkasi, uulaze juu ya kava uone. Karatasi ni rahisi kuliko vainili.

Kukata: vainili juu ya mkeka wa plota, ule wenye gundi, upande wa rangi ukiangalia juu, isugue kwa kadi ya zamani isiwe na malengelenge. Cricut, chagua Premium Vinyl. Silhouette yenye wembe wa kujirekebisha, anzia kina cha wembe 2, nguvu 10, kasi 5, kupita mara moja. Hizo ni namba za kuanzia tu. Kila mara kata jaribio kwanza, mraba wa milimita 10 wenye pembetatu ndani yake. Ng'oa mraba: ukitoka peke yake na pembetatu ikabaki imetulia, endelea. Mraba ukitoka na karatasi ya nyuma, wembe umeingia mno. Pembe zikiraruka badala ya kuachana, ama wembe haujafika ama ni butu.

Oracal 651 ina unene wa milimita 0.063 tu. Wembe unatakiwa ukate huo unene na kuikwaruza karatasi ya nyuma kidogo sana. Ukipindua na kuona mistari imejitokeza upande wa pili, punguza.

Kuchambua (kutoa sehemu zisizotakiwa): anza na mzunguko wa nje, uvute ukiulaza karibu na karatasi, usiuinue wima. Kisha matumbo ya herufi na vitundu vidogo kwa ncha ya sindano. Fanya siku ileile uliyokata. Kwa joto letu gundi hulainika, na mkato ulioachwa mpaka kesho yake hujishika tena, kisha mstari mwembamba unafuata taka.

Kusafisha kava: sabuni ya vyombo na maji, kausha, halafu isopropili (alkoholi ya kusafishia) ya 70% kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Subiri dakika 2 au 3. Tangu hapo usiguse mgongo wa kava kwa kidole.

Kuhamisha: tepu ya kuhamishia (ile yenye gundi nyepesi, ya kuibebea stika hadi kwenye kava) juu ya stika, isugue, pindua, bandua karatasi ya nyuma taratibu ukiikunja nyuma kabisa. Weka stika katikati ya kava kwanza, kisha sugua kuelekea nje. Sugua tena juu ya tepu, kisha ondoa tepu kwa kuikunja vilevile.

Kisha iache. Saa 24 bila kuvishwa simu, 72 ikiwezekana. Gundi ya namna hii hushika kwa mgandamizo na muda. Ukiitia mfukoni baada ya dakika kumi, ncha zinainuka kabla hazijashika.

#2 Bint_Mkomani

Kaka Fundi, shukran. Isopropili sijui niipate wapi hapa Amu. Spiriti ya duka la dawa haifai?

#3 Fundi_Langoni

Soma chupa kwanza, dada. Spiriti nyingi za kusugulia ngozi hutiwa mafuta ya mbarika ili zisikaushe ngozi. Hayo mafuta yakibaki kwenye kava ni kama hujasafisha kabisa. Jaribio: tia tone moja kwenye kioo, liache likauke. Likiacha wingu au utelezi, hiyo si ya kazi hii. Likikauka safi, tumia. Vile vitambaa vidogo vya kusafishia ngozi kabla ya sindano, vya pakiti moja moja, kwa kawaida ni isopropili ya 70% na maji. Kimoja kinatosha kava moja.

#4 KavaMalindi

Mambo yote sawa ila mkuu umeisahau njia bora kwa kava za kuonyesha: bandika NDANI. Mkono haugusi stika, mchanga haugusi, jasho haligusi. Huku Malindi hiyo ndiyo inayoisha kwanza.

Mambo matatu tu. Moja, geuza mchoro kama kwenye kioo kabla ya kukata, la sivyo maandishi yatasomeka kinyume. Pili, mtu anayetazama kupitia plastiki anaona upande wa gundi, si uso wa stika. Kwa hivyo kabla ya kukata, bandua kona ya vainili uone mgongo wake una rangi gani. Nyeusi na nyeupe mara nyingi hazina shida. Za dhahabu na fedha nyingi mgongo wake ni wa kijivu, mteja aliyeagiza dhahabu anapata bati. Tatu, simu ikikaa ndani inaisukuma stika, kwa hivyo tabaka liwe moja tu, lisiwe na mwinuko.

#5 Plota_Ya_Mtaa

Ndani ni sawa lakini kuna bei yake. Kava za TPU za kuonyesha hugeuka manjano kwa jua na joto la simu, hilo halizuiliki. Stika nyeupe iliyo nyuma ya plastiki ya manjano inaonekana kama jino la mvuta tumbaku. Kwa nyeupe na rangi za baharini mimi nabandika nje. Nyeusi, nyekundu na kijani kibichi ndiyo naweka ndani.

Pia kava nyingi laini zina vidoto vidogo vidogo upande wa ndani, vya kuzuia plastiki isigande kwenye mgongo wa simu na kufanya madoa ya maji. Juu ya vidoto hivyo stika inashika kwenye vichwa vyake tu. Tazama kava kwenye mwanga kwa kuinamisha. Ukiona vidoto, usibandike ndani.

#6 KavaMalindi

Hapo kwenye vidoto nakubali. Kwenye manjano tutabishana mpaka Idi.

#7 Mwana_Matondoni

Wakuu, mchoro wangu ni wa jahazi: mlingoti, foromali, tanga na kamba zake. Kila nikichambua, kamba zinatoka na taka, na ncha ya tanga inajikunja baada ya siku mbili. Wembe ni mpya. Tatizo ni nini?

#8 Fundi_Langoni

Tatizo ni mchoro. Kamba umezichora kwa unene gani?

#9 Mwana_Matondoni

Milimita 0.4 hivi.

#10 Fundi_Langoni

Ndiyo hiyo. Mstari wa 0.4 una gundi kidogo kuliko nguvu unayovutia taka, lazima ufuate. Kwa kava, kanuni ninayoishika ni hii: mstari usipungue milimita 1, na ukiwa mrefu kama mlingoti uufanye 1.5. Nafasi kati ya mistari miwili isipungue 0.8, maana ile nafasi nayo ni kipande cha vainili cha kuchambua. Kamba zote za jahazi halisi hutaziweka kwenye sentimita 7. Weka mbili za tanga, ya demani na ya joshi, jicho la mtu litajaza nyingine.

Ncha ya tanga: ncha kali ndiyo hubanduka kwanza, popote pale. Kidole kikipita, kinashika ncha, si ubavu. Kila ncha ya nje iviringe, nusu duara yake iwe na kipenyo cha milimita 1 hadi 2. Mtu hataona kwa macho, gundi itaona. Masikio ya punda vilevile, tafadhali, maana stika za punda za mjini hapa zote zina masikio yaliyosimama wima, na hayo ndiyo huondoka kwanza akabaki punda kama nguruwe.

Njia nyingine kwa michoro yenye vitu vyembamba: ukate kinyume. Badala ya jahazi jeusi kwenye kava tupu, kata duara jeusi ambalo jahazi ni uwazi ndani yake. Kamba zinakuwa mianya, mianya haibanduki. Na ukingo wa stika nzima unakuwa duara moja laini lisilo na ncha.

#11 Khati_Na_Nuru

Hii ya kukata kinyume ndiyo dawa ya maandishi ya Kiarabu pia. Nukta za ba, ta, tha, ya ni vipande vidogo vinavyosimama peke yake, na nukta moja ikianguka neno ni jingine. Zikikatwa kama vitundu ndani ya paneli, hakuna cha kuanguka. Ukilazimika kuzikata kama vipande, zisiwe chini ya milimita 1.5 na uzifanye za mviringo badala ya msharazi wa kalamu.

Upande wa programu: baadhi ya programu za plota huzitenganisha herufi za Kiarabu au kuzipanga kutoka kushoto. Usiandike ndani yake. Andika kwenye Inkscape, ambayo ni ya bure, teua maandishi, geuza yawe njia (path, yaani mistari ya mchoro badala ya herufi) kwa Ctrl+Shift+C, tenganisha kundi, kisha yaunganishe yote kwa Ctrl na alama ya kujumlisha. Usipoyaunganisha, kila herufi itakatwa na mpaka wake na utapata mikato katikati ya neno pale mikono ya herufi inapopishana. Hata hati za Kilatini za mkono, zile za kuungana, zina ugonjwa huo huo.

Hifadhi kama SVG kwa Cricut. Silhouette Studio ya bure haifungui SVG, kwa hivyo hifadhi DXF. Na uweke mraba wa milimita 50 pembeni ya mchoro. Faili ikifunguliwa, pima ule mraba. Ukikuta 67 au 38, programu mbili hazikuelewana kuhusu kipimo. Rekebisha vyote pamoja hadi mraba urudi 50, kisha uufute.

Jambo moja la adabu, si la ufundi: muulize mteja kabla ya kumkatia aya au jina la Mwenyezi Mungu. Simu huingia nayo chooni. Wengi wakikumbushwa huchagua jina la mtoto au dua ya kawaida isiyo na jina tukufu, na wewe unaepuka kurudishiwa kava.

#12 Bint_Mkomani

Allah akulipe kheri. Hilo la mwisho watu hawalisemi.

#13 Mzee_wa_Mkomani

Nami nina swali la mayi. Wangine hunyunyiza mayi ya sabuni kwanza ndipo wabandike, stika iteleze hata ikae sawa. Kwa kava ni ndia nzuri? Mato yangu hayapangi vyema kwa mara moya.

#14 Plota_Ya_Mtaa

Shikamoo mzee. Njia hiyo ni ya kioo cha duka na ubavu wa gari, pale stika ina mita moja na hewa inanaswa katikati. Kwa kava ya sentimita 7 inakuongezea kazi: gundi inachelewa kushika, tepu ya plastiki haibanduki juu ya maji, lazima iwe ya karatasi, na usipoyatoa maji yote kwa kadi yanabaki chini ya stika. Maji ya kisima hapa yana chumvi, yakikauka yanaacha ukungu mweupe chini ya vainili, na kwenye nyeusi unaonekana wazi. Ukitaka kuifanya, maji ya chupa au ya mvua, nusu lita, matone mawili ya sabuni ya vyombo, basi.

Kwa kupanga bila maji: kunja stika iliyo kwenye tepu katikati yake, weka alama ya kalamu juu ya tepu. Weka alama ya katikati kwenye kava kwa vipande viwili vya selotepu nje ya eneo la kubandika. Funga upande mmoja wa tepu kwenye kava kwa selotepu, iwe kama bawaba ya mlango. Sasa inua, bandua karatasi ya nyuma, shusha. Itashuka palepale ilipopangwa, hata kama macho hayaoni.

#15 Mzee_wa_Mkomani

Marahaba. Hiyo bawaba nimeielewa.

#16 LesoNaPindo

Nauliza kuhusu rangi mbili. Nataka kava iwe kama leso: pindo kuzunguka, mji katikati, na jina chini. Pindo jeusi, mji mwekundu, jina jeupe. Nibandike kitambaa chote chekundu kisha nyeusi juu yake, ama nikate kila kimoja kivyake vikutane?

#17 Fundi_Langoni

Vyote viwili vina kasoro, njia iko katikati. Ukiweka matabaka kamili, ukingo unakuwa mnene na kidole kinaukuta kila mara. Ukikata vikutane ukingo kwa ukingo, vainili ya aina ya 651 husinyaa kidogo sana baada ya siku kadhaa, na mwanya mweupe unatokea kati ya rangi. Kwa hivyo viache vipandiane nusu milimita: mji mwekundu uwe na ukubwa wa kuingia chini ya pindo kwa 0.5 kila upande.

Mpangilio wa kubandika: mji kwanza, pindo juu yake, jina mwisho. Kwenye kila rangi weka vialama viwili vya msalaba nje ya mchoro, mahali palepale. Tabaka la pili likishuka, misalaba ikutane, kisha ing'oe yote. Ukitumia bawaba ya mwenzetu hapo juu utapata shabaha hadi nusu milimita.

Jina: herufi kubwa, nene, zisizo na mikia. Urefu wa herufi usipungue milimita 5. Kwenye upana wa sentimita 6 zilizobaki ndani ya pindo, WEMA HAUOZI linaenea kwa mstari mmoja. Majina marefu ya leso, yale ya maneno saba, yagawe mistari miwili au uyaache kwenye leso. Jina jeupe likate kama uwazi kwenye ukanda wa chini kama kava yenyewe ni nyeupe. Umeokoa tabaka zima.

Pindo la korosho au la mlango wa Kiamu ni zuri lakini chora kipande kimoja tu, ukinakili. Ua la petali 8 la milangoni: chora petali moja, zungusha nakala kwa digrii 45 mara saba. Ukichora kwa mkono petali zote nane, wembe utaonyesha kila tofauti.

#18 Mkata_Stika

Mashine yangu ni ya Kichina, si ya mkeka. Pembe zote zinatoka za mviringo na mahali mstari unapoanzia na kuishia hapakutani, kuna kamkia. Wembe nimebadilisha mara mbili.

#19 Plota_Ya_Mtaa

Si wembe, ni hesabu ya wembe. Ncha ya wembe wa kuburutwa haiko katikati ya mhimili wake, iko nyuma kidogo, kwa kawaida milimita 0.25. Programu lazima ijue hiyo tofauti ili izidishe kidogo kwenye kila pembe na kugeuka. Tafuta kwenye mipangilio, weka 0.25, kata mraba. Pembe zikibaki za mviringo ongeza hadi 0.3. Zikitoa vipembe kama masikio, punguza. Kwa mkia wa mwanzo na mwisho, washa kukata kupita kiasi kwa milimita 0.5 hivi, wembe upite juu ya pale ulipoanzia.

Na kama tatizo limeanza ghafla, fungua kishikio cha wembe. Kipande cha vainili chembamba kama uzi kikinaswa ndani, wembe haugeuki, na utaulaumu mwezi mzima.

#20 Bint_Mkomani

Mkeka wangu haushiki tena. Ni miezi miwili tu.

#21 Fundi_Langoni

Nyumba za mawe, dada. Chokaa ya ukuta inamwagika unga kila siku, na unga unakaa kwenye gundi ya mkeka. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, brashi laini, kwa duara, bila kukandamiza. Uanike kivulini usimame wenyewe, usiufute kwa taulo. Ukikauka utashika tena, ingawa si kama siku ya kwanza. Ukimaliza kukata rudishia ile plastiki yake ya kufunikia, kila mara. Vitambaa vya kufutia watoto vinafaa tu kama havina alkoholi wala mafuta.

Nyembe nazo: hewa ya bahari inazila. Ziweke kwenye kopo lenye kifuniko pamoja na vile vifuko vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Roli za vainili zisimamishe wima, mbali na dirisha. Roli iliyolazwa juani huwa na gundi iliyojaa kingo, inavutika kama ulimbo.

#22 Bint_Mkomani

Hiyo ya ulimbo ndiyo ninayo sasa. Nifanyeje nayo?

#23 Fundi_Langoni

Kata asubuhi mapema, chambua juu ya sakafu au kigae kilicho baridi. Ikizidi, tia kipande kilichokatwa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, kiweke kwenye friji dakika 5, kichambue kikiwa bado baridi. Mfuko ufunguliwe baada ya kutoka nje dakika moja, la sivyo umande unakaa juu ya gundi. Na tepu ya kuhamishia ikiwa inashika kuliko kava, ibandike na kuibandua mara moja au mbili kwenye suruali safi ya jinzi kabla ya kuitumia. Itapungua ukali.

#24 Mwana_Matondoni

Stima ikipotea katikati ya kukata?

#25 Plota_Ya_Mtaa

Usijaribu kuendelea palepale. Mashine ikiwaka upya haijui mkeka ulikuwa wapi kwa usahihi wa nusu milimita, na kwa kava nusu milimita ni nyingi. Kubali hasara, sogeza mchoro kwenye sehemu mpya. Yupiesi ndogo (UPS, betri ya akiba) inatosha plota na laptopu, maana kava moja haizidi dakika chache. Cricut inataka intaneti kwa kazi nyingi za kwenye kompyuta, kwa hivyo yupiesi ishike na modemu. Silhouette Studio inafanya kazi bila intaneti.

Na hesabu ya hasara ni hii: karatasi ya inchi 12, yaani sentimita 30.5, inatoa kava 8 za sentimita 7 kwa 14. Kwenye roli ya sentimita 61, ukiacha nusu sentimita kati yake, unapata 8 kwa safu na safu 6 kwa mita, jumla 48. Wanaokata kava moja moja katikati ya karatasi kubwa ndio wanaosema vainili ni ghali.

#26 LesoNaPindo

Nikishabandika nje, naweza kupaka rangi ya kucha isiyo na rangi kingoni ili zisibanduke?

#27 Khati_Na_Nuru

Usifanye hivyo. Viyeyusho vya rangi ya kucha vinaishambulia polikaboneti, inapasuka nyufa ndogo ndogo kama kioo cha zamani. Asetoni ndiyo mbaya kabisa. Kinga nzuri ni kipande cha vainili angavu, isiyo na rangi, kilichokatwa kwa umbo la mgongo wote wa kava, kikizidi mchoro wako kwa milimita 2 au zaidi kila upande. Sasa ncha zote ndogo ziko chini yake, na ukingo uliobaki ni mmoja, wa mviringo.

Kubandua stika ya zamani: toa simu kwanza. Kikausha nywele kwa joto la chini, sekunde 20, kianze kona. Vuta ukiikunja nyuma, si kuinua. Gundi iliyobaki, mafuta ya kupikia dakika 10, sugua kwa kidole, osha kwa sabuni, malizia na isopropili. Petroli na thina viache kwa mafundi wa boti.

#28 KavaMalindi

Na kava za ngozi? Kuna watu wanaleta za ngozi ya Siyu.

#29 Fundi_Langoni

Ngozi ni vainili nyingine, ya kupigwa pasi. Hiyo hukatwa upande wa rangi ukiwa chini na mchoro umegeuzwa. Mashine ya kupiga joto, nyuzi 130 hadi 140 za Selisiasi, kitambaa cha pamba juu, sekunde 10, angalia, ongeza 5 kama haijashika. Kwa pasi ya nyumbani zima mvuke kabisa. Jaribu kwanza kwenye kipande cha mabaki, kwa sababu ngozi iliyopakwa mafuta mengi haishiki, na iliyokaushwa sana hujikunja kwa joto. Mara nyingi kava ya ngozi ina ganda la plastiki ndani ambalo limegundishwa. Ulitoe kabla ya joto au usiifanye kabisa. Na usijaribu vainili hiyo ya pasi kwenye kava ya TPU, utaokota kava iliyopinda kama dema.

#30 Mwana_Matondoni

Nimekata jahazi kama uwazi ndani ya duara, kamba mbili, milimita 1. Limechambulika lote kwa sindano moja. Nitaliacha hadi Ijumaa kabla ya kuivisha simu.

#31 Fundi_Langoni

Libane chini ya kitabu kizito, na karatasi kati yake.